Mji Chini ya Migomba

Doreen mwanangu,

Baba yako amenipigia simu kwamba mmefika Akheri salama na kwamba Babu amekataa kuagwa na mtu ambaye hajala. Kwa hiyo nina jioni nzima peke yangu. Mvua inanyesha hapa Olasiti, ile ya taratibu isiyo na haraka, na mlima umepotea tangu mchana. Mgeni akisimama dirishani kwetu saa hizi unaweza kumdanganya kwamba upande ule hakuna kitu, ni mawingu tu mpaka mwisho wa dunia, naye akakubali.

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha, za kutolala kwenye basi huku umeshika simu, baba yako atakwambia kesho asubuhi stendi, na atarudia. Mwachie, ndiyo njia yake ya kukushika mkono. Mimi nataka kukusimulia jambo ambalo sijawahi kukusimulia lote kwa mpigo.

Siku chuo cha nyuki cha Tabora kilipokujibu, ulicheka ukawaambia rafiki zako kwamba nyuki wako kwenye damu, umelelewa katikati ya mizinga ya Babu. Nilikuwa jikoni nikakusikia. Si kweli kabisa. Ipo miaka ambayo Babu hakukujua, wala wewe hukumjua. Uliwahi kuniuliza mbona hakuna picha yenu ulipokuwa mtoto mchanga, nikakujibu kwamba kazi zilikuwa nyingi. Kazi zilikuwepo. Sababu haikuwa kazi.

Sababu ilikuwa jina lako.

Bibi yako Elieshi alifariki nikiwa na mimba yako, tumbo limeshakuwa kubwa. Wamama wa kanisa walinizuia kusogea kaburini, wakaniwekea kiti cha plastiki huku nyuma, kwenye migomba. Kwa hiyo mama yangu nilimzika kwa masikio. Nilisikia nyimbo, nikasikia mchungaji, nikasikia udongo unaanguka, lakini sikuona kitu. Nadhani ndiyo maana kwa muda mrefu hakuwa amekufa vizuri ndani yangu. Alikuwa kama mtu aliyetoka kidogo kwenda kuteka maji.

Ulipozaliwa tulikuwa tumepanga Sekei. Babu alishuka na mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando, amevaa koti lake la Jumapili. Alikupakata, akakutazama kwa muda, akasema, "Elieshi amerudi."

"Baba, tumeshampa jina," nikasema. "Anaitwa Doreen."

"Doreen ni nani?"

"Ni jina tu, baba."

"Katika ukoo wetu, Doreen ni nani? Kwa kina baba yake kule Marangu, Doreen ni nani?"

Baba yako aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Jina lilikuwa la nesi aliyekuwa zamu siku ile, dada mpole aliyenishika kiganja saa nzima wakati mwili wangu unapasuka. Hilo sikulisema. Wala sikulisema lile lililokuwa chini yake, ambalo ndilo hasa. Ulipokuwa bado una joto la tumboni, nilijaribu kukuita Elieshi. Nilinong'ona tu, nione linakukaaje. Koo likafunga. Nikaona maisha yangu yote mbele: namwita mtoto aje kula, nalia, namwita aje aoge, nalia. Nilikupenda nikaogopa kukulea kwa machozi.

Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Tumeshaamua, baba."

Alikurudisha kifuani kwangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Chai hakunywa.

Mwaka ule nilimsubiri arudi. Yeye, nilikuja kujua baadaye, alikuwa akinisubiri nipande kwake. Kutoka Sekei kwenda Akheri si safari, Doreen. Unapanda asubuhi, unarudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini ufupi ule ndio uliotuponza. Safari ndefu mtu huipangia siku na kuifungia begi. Fupi unaiacha palepale mlangoni kama viatu, kwa kuwa utaivaa wakati wowote.

Baba yako alikuwa akisema, "Anna, Jumapili hii twende."

"Mwezi ujao."

"Mwezi ujao ulikuwa ni huu."

Ndivyo ulivyoota meno, ukatembea, ukaanza chekechea.

Miaka hiyohiyo ndipo nilipoanza kazi ya ramani. Unaijua, lakini sidhani kama umewahi kunisikiliza nikieleza mpaka mwisho. Sasa huwezi kunikatiza, kwa hiyo nitaeleza.

Setilaiti yetu haipigi picha kama simu. Ni ya rada: inatuma mawimbi yake chini, halafu inasikiliza yanavyorudi. Ni kama ulivyokuwa ukisimama kwenye bonde chini ya kwa Babu na kuita, kisha unangoja sauti yako ikurudie kutoka ng'ambo. Haijali usiku, haijali mawingu. Kwa hapa kwetu hiyo ni neema, maana ukitegemea picha za kawaida, wakati wa masika utakuwa na albamu nzima ya mawingu ya Meru. Rada inapita katikati yake kana kwamba hayapo.

Kinachorudisha sauti vizuri kuliko vyote ni ukuta uliosimama juu ya ardhi. Wimbi linagonga chini, linagonga ukuta, linarudi moja kwa moja lilikotoka. Kwa hiyo kwenye picha mji unang'aa. Hakuna rangi, ni weupe, kijivu na weusi tu. Daraja Mbili, zile nyumba zilizobanana, inawaka kama makaa yaliyopulizwa. Ziwa Duluti ni jeusi kabisa, jicho lisilofumba. Miti na migomba iko katikati, kijivu laini kama manyoya, kwa sababu majani yanalitawanya wimbi huku na huku na kinachorudi ni kidogo.

Sisi tunaifundisha kompyuta. Tunaionyesha mifano: hapa ni mji, hapa ni shamba, hapa ni msitu, hapa ni maji. Ikishaona mifano ya kutosha inaendelea yenyewe, haihitaji mkono wa mtu tena, na kila inapodhani ni mji inapaka nyekundu. Ukiitazama inavyofanya kazi ni kama kutazama mtu anayeota kwa sauti. Kijiji kinatokea, barabara inatokea, mtaa ambao hujawahi kuusikia unatokea.

Nyumba hii niliyokaa sasa ninakuandikia ilitokea namna hiyo. Wakati huo ilikuwa kuta tu, haina paa, imeota magugu sebuleni, na mbuzi wa jirani ndiye aliyekuwa mpangaji wetu. Siku moja ofisini nikaiona. Nukta moja nyekundu, Olasiti. Nikampigia baba yako.

"Tumetokea," nikamwambia.

"Tumetokea wapi?"

"Kwenye ramani. Inasema kwetu ni mji."

"Na paa hatuna," akasema. Lakini nilimsikia amefurahi.

Halafu, kila nikibaki peke yangu ofisini wakati wa chakula cha mchana, nilikuwa nafanya jambo jingine ambalo hata yeye sikumwambia. Nilikuwa naisogeza picha mashariki, napita Duluti, nafuata kile kijito mpaka kinapokunja kiwiko, na hapo nasimama. Hapo ndipo kwa baba yangu. Palikuwa kijivu. Nyumba yake ni ya mbao, na migomba na miparachichi imeifunika mpaka mlangoni. Rada ilikuwa ikimwita na yeye haitiki. Kila picha mpya ilipokuja niliitazama, na kila mara ilikuwa kijivu kilekile, hakisemi mzee ni mzima au ni mgonjwa, ana mtu wa kumpikia au hana. Nilikaa na ule ukungu kama mtu anayekaa na picha ya marehemu, wakati baba yangu alikuwa hai na ningeweza kufika kwake kabla chai haijapoa.

Ramani ikishakamilika lazima watu waende kuikagua kwa miguu. Kompyuta yenyewe inachagua nukta za kukagua, kwa bahati nasibu. Unafika kwenye nukta na kishikwambi chako, kinakuuliza swali moja tu: hapa ni mji, au si mji? Ramani ile ilikuwa itumike kwenye mradi wa maji. Palipo na wekundu bomba lingepita, palipo na kijivu lingengoja. Kwa hiyo swali lilikuwa dogo, ila jibu lake lilikuwa na kiu ya watu ndani yake.

Nilikuwa nakagua pamoja na Lomayani, yule unayemwita anko Loma. Yeye ndiye mwenye pikipiki. Tulishaona mengi. Tulikuta mabanda ya maua ambayo kompyuta iliyaita mtaa. Tulikuta uwanda wa mawe tupu unaoitwa mji, na Lomayani akasema labda ni mji wa mijusi. Kosa la mashine halikuniuma, mpaka asubuhi niliyopewa nukta zangu za siku na mojawapo ikawa pale kijito kinapokunja kiwiko.

"Hii utaenda peke yako?" nikamwuliza Lomayani.

"Pikipiki ni moja, Mama Doreen. Nikienda peke yangu, wewe nikuache wapi?"

Tukapanda.

Ilikuwa imenyesha usiku, barabara utelezi. Pikipiki tuliiacha kanisani tukaendelea kwa miguu. Mikahawa ilikuwa imetoa maua, unaijua ile harufu, inakupunguzia mwendo hata kama una hasira na dunia. Mfereji ulikuwa unaongea upande wa kushoto kama ulivyokuwa ukiongea nikiwa na umri wako. Nukta ilianguka mpakani mwa shamba la baba, ndani ya migomba. Nyumba haikuonekana kutoka pale. Lomayani alizunguka upande wa barabara kupiga picha, nami nikabaki na kishikwambi, nikijiambia kwamba ninaweza kujibu nikiwa hapohapo nilipo na kuondoka. Hakuna ambaye angejua.

Sauti ikasema, "Wewe hapo. Simama, usisogee. Nyuki wamechachamaa."

Alikuwa mbele yangu, hatua chache tu, amevaa koti la mvua na kofia yenye wavu unaofunika uso, na mkononi ana kopo la kufukizia moshi. Upepo wa usiku ulikuwa umeangusha tawi la mparachichi juu ya mzinga mmoja, mfuniko ukapasuka, na yeye alikuwa anajaribu kuufunga mchana ule, saa mbaya kabisa ya kuwagusa. Wewe sasa unalijua hilo kuliko mimi. Hewa yote ilikuwa inanguruma.

"Shikamoo baba," nikasema.

Mkono wenye moshi ukatulia. Sikuuona uso wake, niliona wavu tu.

"Marahaba," akasema. Halafu, "Usipunge mikono. Simama kama mgomba."

Nikasimama kama mgomba. Nimewaza mara nyingi kwamba tungekutana sebuleni, mmoja wetu angeinuka akatoka nje. Tungekutana njiani, tungesalimiana na kupitana. Nyuki walitufunga pale wote wawili. Mimi sikuweza kuondoka wala yeye hakuweza kuniacha.

"Umekuja kufanya nini?" akauliza huku akifukiza.

"Kazi, baba. Tunakagua ramani."

"Ramani inasemaje?"

"Inasema hapa hakuna mtu. Inasema ni miti."

"Aliyeichora alipita lini?"

"Hakupita. Imechorwa kutoka juu, na mashine."

Akaweka kipande cha ubao juu ya ule ufa, akakikandamiza na jiwe. "Na wewe wamekutuma kusema nini?"

"Naulizwa kama hapa ni mji au si mji."

Hakucheka, wala hakukasirika. Alinijibu kama mtu aliyeulizwa njia. "Huu ni mji wangu, Anna. Mama yako ndiye aliyekuwa mwenye mji. Wewe umezaliwa humu."

Unajua wazee wetu wanavyolitumia hilo neno. Mji ni boma lako, moto wako, watu wako. Mimi nilikuwa nimelisoma chuoni nikalijua kwa maana ya taa na lami, nikasahau kwamba nililisikia kwanza kwa mama yangu, akisema anafagia mji. Nyuki mmoja alinitua kwenye shavu akawa anatembea.

Nikasema, "Baba, jina la mama nilishindwa kulitamka."

"Unasema nini?"

"Nilijaribu. Mtoto alipozaliwa nilijaribu kumwita Elieshi, koo likakataa. Sikukataa jina. Nilishindwa kulibeba."

Alisimama. Kopo liliendelea kutoa moshi peke yake, ukapanda kwenye migomba na kukaa pale.

"Ungesema," akasema.

"Ningesema."

"Mimi nalitamka kila siku. Nikijikwaa, nalitamka. Ng'ombe akikataa kukamuliwa, nalitamka. Naogopa nikinyamaza litapotea." Akavuta pumzi. "Nilidhani wewe umelitupa."

"Sikulitupa, baba."

"Kumbe," akasema. Ndivyo tu. Kumbe. Akainama akaangalia mzinga wake, akagusa jiwe kama halijakaa sawa na lilikuwa limekaa sawa. Nikasikia, kwa sauti ya chini, katikati ya nyuki, "Doreen hajambo?"

Hilo ndilo nililotaka ulijue kabla hujaondoka. Mara ya kwanza babu yako kulitaja jina lako kama jina la mjukuu wake, alilitaja nyuma ya wavu, na mimi sikuweza kunyanyua hata mkono kujifuta.

"Hajambo. Yuko darasa la kwanza. Anasoma mpaka karatasi za kufungia maandazi."

"Anafanana na nani?"

"Akinuna anafanana na wewe."

Wavu ukatikisika, nikajua anacheka. Hapo ndipo nyuki wa shavuni aliponichoma. Nilipiga ukelele na baba akasema, "Taratibu. Tembea kama umebeba maziwa." Nikatembea kama nimebeba maziwa, yeye nyuma yangu na moshi wake, mpaka tukatoka. Uani akavua kofia. Alikuwa amezeeka. Alinishika kidevu akaukwangua ule mwiba kwa ukucha, polepole, akasema usiubane, ukiubana sumu inaingia yote. Vidole vyake vilinuka moshi na nta. Nilikuwa mama wa mtu na nilisimama pale nikalia kama wa chekechea, na yeye akajifanya ni kwa sababu ya nyuki.

Lomayani alitukuta tunakunywa chai. Aliamkia, akakaa, akapokea kikombe chake, akatazama shavu langu. Ni mpaka tulipokuwa tunateremka ndipo aliposema, "Ile nukta tuijibuje?"

"Mji," nikasema, nikampa kishikwambi. Akabonyeza.

Sitaki udhani kwamba ramani ilibadilika siku ile. Nukta moja haiishtui mashine. Ofisini waliniambia nyumba moja ndani ya migomba haiwezi kuitwa mji, na kwa namna wanavyohesabu walikuwa sahihi. Lakini niliomba tupande tena, mimi na Lomayani, na tukapanda kwa miezi, tukikusanya mifano ya nyumba za mteremkoni zilizojificha chini ya majani, ili kompyuta ijifunze kuzisikia. Ilijifunza kidogo. Wekundu hafifu ulianza kutokea Akheri, mahali pengine kwa haki na pengine kwa kubahatisha. Kuna ukingo mmoja wa mto wenye mawe ambao hadi leo kompyuta inaamini ni mtaa. Bomba lilipopita, tawi lake moja lilipanda mpaka kanisani. Wapo waliopata na wapo ambao hawakupata. Kwa Babu halikufika, na yeye anasema hana neno, mfereji wake haujawahi kumtangazia mgao.

Mimi, kila nikiitazama picha ile, nilikuwa naona kitu ambacho kilinikosesha raha. Nyumba yetu ya Olasiti, isiyo na paa wala mtu, iling'aa tangu siku ya kwanza. Ya baba yangu, ambamo kila asubuhi moto uliwashwa na jina la mama likaitwa, ilichukua miaka kuonekana, tena kwa shida. Kosa halikuwa la mashine peke yake. Na mimi nilikuwa naangalia kinachong'aa.

Jumapili iliyofuata siku ile ya nyuki tulikupeleka. Ulijificha nyuma ya sketi yangu, umevaa zile soksi za maua. "Shikamoo babu," ukasema kutoka huko nyuma. Naye akasema, "Marahaba, Doreen," akilitamka kwa uangalifu, kama mtu anayeonja uji wa moto. Akakuonyesha mizinga kwa mbali. Ulimwuliza kama nyuki wana majina. Akakwambia wote wana jina moja ndiyo maana hawagombani. Mimi na baba yako tulitazamana.

Mengine unayajua. Ulivyokuwa unapanda kila likizo, koti la mvua lililokatwa likutoshe, jicho lililovimba ukakataa kulia. Kuna siku moja tu nataka niiongeze kwenye hizo zako. Nilikuwa jikoni kwa Babu namenya ndizi. Wewe na yeye mlikuwa kule chini kwenye mizinga. Nikamsikia anaita, "Elieshi, lete moshi." Nawe ukaitika, "Abee babu," bila hata kusita, kwa sauti ile ya mtu aliyeitwa jina lake. Nilikaa na kisu mkononi nikingoja koo lifunge. Machozi yalikuja, Doreen, lakini mkono uliendelea kumenya. Ndizi zikaisha, nikaziosha, nikabandika sufuria, nikatoka nje kuwaita wote wawili mje kula. Na nilikuita kwa jina lile. Wewe hukugundua, ulikuwa na njaa.

Sikwambii usigombane na watu. Utagombana. Utakuwa mbali, umechoka, kuna mtu atakuuliza swali kwa namna isiyokupendeza na wewe una kinywa changu na shingo ya babu yako. Ule ugomvi wetu wala siujutii sana. Nililia mimi, akalia yeye, kila mtu kwa njia yake. Ninachojutia ni ile sentensi niliyoibana. Nilimpa baba uamuzi nikamficha sababu, nikaogopa anione nimevunjika. Kama ningeruhusu anione nimevunjika pale Sekei, kibuyu cha maziwa kikiwa bado mezani, angekunywa chai yake.

Na ukishakuwa umenyamaza na muda umepita, usidhani mlango umefungwa kwa sababu huoni mwanga. Nilikaa ofisini nikidhani natafuta dalili ya baba yangu, kumbe nilikuwa natafuta sababu ya kutokwenda. Ukungu ulinifaa. Nilipata la kutazama.

Wiki iliyopita nilifanya upuuzi. Nilifungua picha ya Tabora. Ni nzuri, usiniambie si nzuri. Miombo imetandazwa mpaka pembeni, kijivu laini kisichoisha, na mji wenyewe umekaa katikati kama punje za chumvi zilizomwagika. Nikakitafuta chuo chenu pembezoni, nikaona nukta chache zinazoweza kuwa mabweni au zinazoweza kuwa ghala. Nikajikuta nimeinama mbele ya skrini, chai imepoa, natafuta utakapolala. Nilijishtukia. Nikaifunga ile picha na nimeapa sitaifungua tena kwa ajili hiyo. Rada haitaniambia kama umekula. Haitaniambia kama kuna mtu amekutania lafudhi yako, au kama umepata rafiki wa kuchana naye nywele.

Kwa hiyo nimeshaongea na baba yako, na likizo nimeshaiomba. Ukishazoea kidogo, kabla hujatamani kurudi nyumbani, nitakuja. Sitaki uje kunipokea stendi. Niandikie tu kwa maneno yako mwenyewe jinsi ya kufika: nishuke wapi, nifuate barabara ipi, ni duka la nani lililo kwenye kona, mti gani mkubwa nikiuona nijue nimekaribia. Nikipotea nitauliza watu. Nitawaambia namtafuta binti yangu, anasoma nyuki, na wataninyooshea kidole upande uliko.

Mama yako,
Anna